Neno la Leo, Mlango wa Jirani

Mchungaji wa Moravian akisikika analalamikia "neno la leo", muumini ana haki ya kumuuliza: na hii kazi aliianza nani? Ni wazee wetu wenyewe. Jioni ya tarehe 3 Mei 1728, katika kijiji cha wakimbizi kiitwacho Herrnhut, mashariki mwa Ujerumani ya leo, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf aliwapa waumini waliokusanyika kuimba neno moja fupi la kulala nalo na kuamka nalo kesho yake. Mwaka 1731 maneno ya mwaka mzima yakachapwa kitabu, na kitabu hicho kimekuwa kikitoka kila mwaka tangu hapo, sasa kwa lugha zaidi ya 50. Andiko la Agano la Kale hupatikana kwa kura. Kule Herrnhut huingiza mkono kwenye bakuli na kuchomoa, siku moja baada ya nyingine, miaka 3 kabla ya mwaka wenyewe kufika. La Agano Jipya huchaguliwa na mtu, ili liitikie lile la kwanza.

Kwa hiyo ninayoyaandika hapa siyaandiki kama mtu wa nje. Nimekua nikisikia maandiko hayo yakisomwa kabla ya uji, huku Rungwe, ambako wamisionari wetu wa kwanza walifika mwaka 1891. Ninacholalamikia ni namna neno la leo linavyotufikia siku hizi.

Saa kumi na moja alfajiri simu imeshaanza kutetemeka. Kundi la kwaya limetuma lake, la ukoo limetuma lake, la wazazi wa darasa la nne nalo lina lake. Hata kundi la michango ya harusi ya kijana ambaye sikumbuki tunahusiana vipi limetuma andiko lenye maua na jua linalochomoza. "Amina." "Amina." "Amina, na kwako pia." Mtu anaweza kupokea maandiko 7 au 8 kabla hajanawa uso, asijue hata moja linatoka sura ipi. Na ndani ya kundi hilohilo kuna mwenzao aliyelazwa tangu Jumatatu, hakuna aliyekwenda.

Andiko ninaloliona likitumwa kuliko yote ni Yeremia 29:11, lile ambalo Mungu anawahakikishia watu wake kwamba anawatakia heri na kwamba kesho yao ipo. Hutumiwa aliyepunguzwa kazini, aliyeachwa na mchumba, anayesubiri matokeo ya kidato cha nne. Sawa. Lakini mstari wa 10, uliotangulia, unataja miaka 70. Walioandikiwa ahadi hiyo walikuwa wamechukuliwa mateka Babeli, na nabii mmoja aitwaye Hanania alikuwa ameshatangaza kwamba shida hiyo itaisha ndani ya miaka 2. Yeremia aliandika kulikataa jambo hilo. Akawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, waombee amani ya mji uleule uliowateka. Wengi wa waliosikia barua ile ikisomwa walizikwa hukohuko. Anayetuma mstari wa 11 bila ule wa 10 kwa mtu aliyepoteza kazi jana anamhubiria Hanania, huku chini ameandika jina la Yeremia.

Halafu kuna kitu ambacho wasomaji wengi hukiruka, nami zamani nilikuwa nakipita haraka kama wanavyopita orodha za majina. Sura hiyo inawataja walioipeleka barua: Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia. Ezra, miaka mingi baadaye, alitumia miezi 4 kutoka Babeli mpaka Yerusalemu, kwa hiyo tunaweza kukisia safari yao ilikuwaje. Ahadi ile ilifika na watu wawili wenye vumbi miguuni. Ungeweza kuwakaribisha ndani, kuwapa maji, kuwauliza mama yangu bado yuko hai, na nyumba yetu nani anakaa.

Herrnhut ya mwanzo ililielewa hilo. Kabla kitabu hakijachapwa, neno la siku lilipelekwa kwa mdomo. Ndugu mmoja alizipitia asubuhi nyumba zote 32 za kijiji, akalitaja neno kila mlangoni, na akarudi na habari za nyumba hizo: ugonjwa, mahitaji, hali ya watu kiroho. Kijiji kilikuwa na sababu ya kuhitaji utaratibu huo. Mwaka mmoja kabla, 1727, wakimbizi wale walikuwa wamegombana kuhusu mafundisho na ibada mpaka ikabaki kidogo tu wasambaratike. Ilibidi Zinzendorf atie mkono, waandikiane maagano, na Agosti mwaka huo wapatanishwe katika Meza ya Bwana huko Berthelsdorf, kijiji cha jirani. Watu waliotoka kwenye ugomvi wa namna hiyo hawawezi kuachiwa kila mmoja asome kivyake na kufunga mlango. Neno lilipita mlango kwa mlango, na aliyelibeba alikuwa na macho.

Sisi tumebaki na neno. Mbebaji tumempoteza.

Nisije nikaonekana namdharau anayeishi na mstari mmoja. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mlutheri wa Kijerumani aliyesimama dhidi ya Hitler, alikuwa msomaji wa kitabu hikihiki chetu. Juni 1939 alikuwa New York, ambako marafiki walikuwa wamemtafutia nafasi ili vita ikianza awe mahali salama. Hakuwa na raha. Tarehe 26 Juni akakutana na 2 Timotheo 4:21, pale Paulo anapomsihi Timotheo ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Likamwandama siku nzima. Akaandika katika shajara yake kwamba haoni kama anapotosha Maandiko kwa kuyachukua kana kwamba ameambiwa yeye. Mwezi uliofuata alipanda meli kurudi Ujerumani. Alikamatwa mwaka 1943 na kunyongwa tarehe 9 Aprili 1945 katika kambi ya Flossenbürg.

Mtu huyohuyo, katika kitabu kidogo kuhusu maisha ya pamoja kilichotoka mwaka huohuo wa 1939, aliwaonya Wakristo kwamba mistari mifupi ya kila siku haiwezi kushika nafasi ya kuyasoma Maandiko kwa mfululizo. Alitaka nyumba ya Kikristo isome kwa sauti, asubuhi na jioni, sura nzima ya Agano la Kale na walau nusu sura ya Agano Jipya. Sioni mgongano hapo. Naamini mstari ule wa baridi ulimkamata kwa sababu barua nzima ilikuwa imeshakaa ndani yake: mzee amefungwa, wenzake wameondoka mmoja mmoja, Luka ndiye amebaki, na mwenyewe anajua mwisho wake umekaribia.

Mistari 8 kabla ya huo Paulo anaagiza vitu. Anataka joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Joho halihitaji mahubiri huku kwetu. Mwezi wa Juni na wa Julai Tukuyu watu wanavaa sweta juu ya sweta na saa nne asubuhi bado wamezunguka moto jikoni. Ni vile vitabu ndivyo vinavyonisimamisha kila nikipita pale. Mtu anajua anakwenda kuuawa, na bado anataka kusoma. Tena anajua vitamfikia kwa njia moja tu, nayo ni kubebwa na kijana atakayefunga safari.

Katika ushirika wetu tuna ibada za nyumba kwa nyumba, na wakati fulani tulikubaliana tuache kusoma vipandevipande. Tukichukua kitabu, tunakimaliza. Tulianza na Filemoni, nisifiche, kwa uvivu: ina mistari 25 na unaweza kuimaliza kabla chai haijapoa.

Zamu hiyo tulikuwa kwa mama mmoja mjane, kwenye sebule yenye makochi mawili na viti vya plastiki vilivyoazimwa kwa jirani, mafungu ya ndizi yamesukumwa kando ya ukuta. Msomaji alikuwa binti wa kidato cha tatu. Mvua ikaanza katikati ya mstari wa 7, na anayeijua mvua ya Rungwe juu ya bati anajua kilichofuata. Binti akasoma kwa kupiga kelele kama anayeita mtu ng'ambo ya mto, akashindwa, akakaa. Tukanywa chai kwanza. Mvua ilipopungua mwenye nyumba akasema aanze tena mwanzo, maana barua ya mtu haisomwi kuanzia katikati.

Habari yenyewe wengi wanaijua. Onesimo, mtumwa, amemtoroka bwana wake Filemoni, na yawezekana amemsababishia hasara. Amekutana na Paulo akiwa kifungoni, ameamini, na sasa Paulo anamrudisha akiwa na barua: mpokee si kama mtumwa tena, bali kama ndugu mpendwa. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumza juu ya utumwa, jambo zito ambalo nchi hii imelionja. Lakini binti alipofika mstari wa 18, Paulo anaposema kama mtu huyu amekudhulumu au unamdai kitu, andika deni hilo kwangu, mzee mmoja akainua mkono. Ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa.

"Mchungaji, huyu ni mdhamini."

Sebule ikaamka. Mama mmoja akauliza mdhamini gani yuko gerezani, kikundi gani kingempitisha. Mwingine akasema angalau ameandika kwa mkono wake mwenyewe, maana mstari wa 19 unasema hivyo, na anawajua wadhamini ambao siku ya kudaiwa wanairuka sahihi yao. Mzee akarudi kwenye hesabu: Paulo anasema atalipa, halafu papo hapo anamkumbusha Filemoni kwamba naye anadaiwa na Paulo, tena anadaiwa nafsi yake. "Hapo kambana," akasema mzee, kwa heshima kabisa, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Vitabu vya ufafanuzi vinaeleza mstari huo kwa kurasa kadhaa. Sidhani vinamzidi.

Wasomaji wa mjini watanisamehe nikieleza kwamba hayo hayakuwa mazungumzo ya mbali. Kila mtu pale ndani alijua nani amemdhamini nani. Kila mtu alijua pia kuna jamaa mmoja aliyekopa, akakimbilia machimboni Chunya, akamwachia shemeji yake marejesho. Shemeji mtu alikuwa amekaa kiti cha karibu na mlango, na alisikiliza barua yote bila kusema neno.

Swali lililotusumbua kuliko yote lilitoka kwa kijana wa bodaboda. Alitaka kujua barua ilipelekwa na nani. Tukafungua Wakolosai, sura ya 4, ambako Paulo anasema anamtuma Tikiko, pamoja na Onesimo. "Kwa hiyo mwenye kosa anasafiri na barua ya kosa lake?" Wataalamu wanabishana kama Paulo alikuwa amefungwa Roma au Efeso. Kama ni Efeso, Kolosai ni mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Kama ni Roma, ni bahari na nchi kavu, wiki kwa wiki. Niliwaeleza hayo, nikaona kijana hajali ni mji upi. Alikuwa akipiga hesabu nyingine. "Mimi," akasema, "tukifika kwenye daraja la kwanza, barua imeingia mtoni."

Tulicheka, lakini hatukuliacha. Tuliongea mpaka saa tatu usiku juu ya mtu aliyekuwa na nafasi ya kugeuza njia kila siku ya safari ile, na hakugeuza. Barua hiyo tunayo leo kwa sababu yeye aliifikisha. Hakuna mstari unaosema Filemoni alifanya nini mlango ulipobishwa, na wanawake walikaa muda mrefu kwenye hilo, wakimkadiria mama wa nyumba, Afia, ambaye wengi wanamdhania kuwa mke wa Filemoni, angekuwa na sauti gani katika uamuzi ule. Nyingi, walikubaliana.

Jamaa wa Chunya hajarudi, na sitaki nitunge ushuhuda. Kilichotokea ni kwamba wiki ileile wazee wawili wa kanisa walikwenda kukaa na yule shemeji, wakaenda naye mpaka kwa viongozi wa kikundi, na marejesho yakapangwa upya kwa kiasi anachokiweza. Hakuna niliyemtuma wala aliyeniomba ruhusa. Mweka hazina ndiye aliyeniambia, tena njiani, kama mtu anayenieleza bei ya mbolea.

Husemwa kwamba watu wetu hawasomi. Nalikubali kwa nusu. Ni kweli meza ya vitabu nje ya kanisa ikiwa na kitabu cha jinsi ya kuvunja laana za ukoo kwa siku 21, kinaisha kabla ya ibada ya pili, na kile cha historia ya kanisa kinarudi boksini na vumbi lake. Namwonea huruma mnunuzi kuliko ninavyomlaumu. Ana shida ya kweli nyumbani, na kile kitabu cha kwanza walau kinamwahidi tarehe.

Lakini kusoma hakuanzi na macho. Mama mmoja mzee katika ushirika wetu hakwenda shule hata siku moja, na sasa mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Msomaji akiruka neno katika Zaburi, yeye ndiye anayemrudisha. Amesikia Biblia ikisomwa miaka yote hiyo kwa masikio yaliyokuwa kazini. Wajukuu wamemwekea Biblia ya kusikiliza kwenye kisimu kidogo cha memori kadi, na anakinyamazisha kila wanapomaliza sura ili amuulize yeyote aliye karibu, hata muuza maziwa, ameelewaje. Kwa hiyo simu siigombezi. Nimewaona vijana wanachuma chai huku Warumi inasomwa mfukoni mwao.

Mwafrika wa kwanza kuonyeshwa na Agano Jipya akisoma kitabu ni yule towashi wa Kushi katika Matendo 8, mwenye dhamana ya hazina yote ya malkia Kandake. Alikuwa na gari, ana elimu, ana nakala ya Isaya mkononi wakati ambao kitabu kilikuwa mali ya wachache. Alikuwa akisoma kwa sauti, ndiyo maana mwinjilisti Filipo aliyekuja mbio kando ya gari alimsikia. Akiulizwa kama anaelewa, jibu lake ni kwamba ataelewaje asipopata mtu wa kumwongoza, na akamwomba apande akae naye. Mhazini mkuu wa dola anamsogezea nafasi mtu wa barabarani, anayehema kwa mbio. Kila nikisikia mtu anajisifu kwamba yeye husoma Biblia peke yake na Roho ndiye mwalimu wake, ninamkumbuka msomi yule.

Vitabu nje ya Biblia navyo vina mahali pake, ingawa mshahara wa mchungaji hauvipendi. John Bunyan, Mwingereza aliyeandika habari za msafiri anayekwenda mji wa mbinguni akiwa na mzigo mgongoni, kitabu kilichotoka mwaka 1678, alikuwa fundi wa kuziba masufuria. Alikaa jela miaka 12 kwa kuhubiri bila kibali. Alipooa, anasimulia, yeye na mkewe hawakuwa na sahani wala kijiko. Mke alikuja na vitabu viwili vya dini alivyoachiwa na baba yake, wakawa wanavisoma pamoja. Wazee wa Rungwe, ambako mahari ni ng'ombe na mazungumzo ni marefu, wakisikia habari hiyo hutikisa kichwa. Niliitaja mara moja kwenye harusi, na mjomba wa bibi harusi akasema vitabu ni jambo jema, ila visipunguze ng'ombe.

Neno la asubuhi tunalisoma bado nyumbani kwangu, na sina mpango wa kuliacha. Tulichoongeza katika ushirika ni kitu kidogo: kila mtaa una mtu wa zamu wa kulipeleka kwa wagonjwa, wazee na waliofiwa, kwa mguu wake, na kurudi kwa mzee wa kanisa na habari za nyumba. Vijana waliuliza kwa nini wasipige simu tu. Wengine walidai nauli ya bodaboda, na hoja hiyo bado iko mezani kwa mhasibu wetu. Kuna wiki zamu inafanyika mitaa yote, na kuna wiki za mavuno ambapo haifanyiki popote.

Mwezi ujao nyumba kwa nyumba tunaingia waraka wa Yakobo, wote, sura 5. Mama mmoja anayechuma chai kwa kibarua ameshaangalia mbele, akaona sura ya mwisho inazungumzia ujira wa waliovuna mashamba ya matajiri, ambao umezuiliwa na unapiga kelele. Amenijia akitaka kujua kama sura hiyo tutaisoma siku ambayo wenye mashamba wapo, au siku watakayokuwa wamesafiri. Nimemwambia tutaisoma wakiwapo, na kwamba zamu ya kusoma siku hiyo ni yake.